Maswali Yenu: Kwa Nini Fomu Yangu Inafuta Kazi ya Mwenzangu?

Barua tatu za mwezi huu zimetoka kwetu visiwani, na zote zinahusu fomu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu jambo lake limeshaingilia watu wanaofanya kazi pamoja, na sitaki liendelee.

SWALI: Shikamoo Ami. Mimi hushika daftari la vyombo na safari kwa wenye mashua hapa Shela. Nasema daftari, ila siku hizi ni fomu ya mtandaoni niliyoiandika mwenyewe kwa PHP (lugha ya programu) na MySQL (hifadhidata). Kila chombo kina ukurasa wenye visanduku 23: jina la chombo, nahodha, simu yake, siku leseni inapomalizika, idadi ya jaketi za kuokoa maisha, na mengineyo. Mwenzangu yuko gati la Mokowe, naye hufungua kurasa hizo hizo. Juma lililopita aliingiza simu mpya ya nahodha mmoja saa mbili asubuhi. Mimi nilikuwa nimeufungua ukurasa huo tangu saa kumi na mbili. Adhuhuri nikasahihisha tarehe ya leseni, hiyo tu, nikabofya Hifadhi. Simu ya zamani ikarudi. Jioni wageni walioshuka uwanja wa ndege wa Manda walipiga namba isiyopatikana mpaka magharibi ikaadhiniwa. Mwenzangu anaamini nilimfutia kusudi. Nimeambiwa dawa ni kuhifadhi visanduku vilivyobadilika peke yake. Nitavijuaje? — Msomaji wa Shela

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote, msomee mwenzako jibu hili, maana ugomvi wenu hauna mkosaji. Ukurasa ulioufungua saa kumi na mbili ulikuwa picha ya daftari kama lilivyokuwa saa kumi na mbili. Ulipobofya Hifadhi, kivinjari kilikusanya visanduku vyote 23 na kuvipeleka kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza daftari, pamoja na vile 22 ambavyo mkono wako haukuvigusa. Seva haikuambiwa ulichokusudia ni kipi. Ikaandika vyote, na simu ya alfajiri ikakaa juu ya simu ya saa mbili. Ubaya wa kosa hili ni ukimya wake. Hakuna onyo, hakuna rangi nyekundu. Nyote wawili mliona neno "Imehifadhiwa" mkaenda zenu.

Marehemu baba yangu alikuwa karani wa mizigo ya majahazi, Amu. Mfanyabiashara akija kusema magunia ya nazi hayakuwa 40, yalikuwa 38, baba hakunakili ukurasa mzima upya. Alipiga mstari mmoja juu ya 40, akaandika 38 pembeni, akatia sahihi na tarehe. Ile 40 iliendelea kusomeka chini ya mstari. Nilikuwa mtoto, nikidhani ni uvivu wa kufuta. Leo nikiandika programu naona kwamba sahihisho lake lilikuwa na kila kitu: neno la zamani, neno jipya, mkono wa nani, siku gani. Fomu yako inapeleka neno jipya tu, mara ishirini na tatu, na yale matatu mengine haipeleki kabisa. Kwa hiyo aliyekuambia uhifadhi vilivyobadilika amekuambia kweli, ila amekupa nusu.

Tuanze na nusu hiyo. Kivinjari chenyewe hukumbuka kilichokuwepo. Kisanduku cha maandishi kina thamani mbili: value, ambayo ni kilichomo sasa hivi, na defaultValue, ambayo ni kile seva ilicholeta ndani ya HTML, yaani maandishi yanayounda ukurasa. Mtu akichapa, value hubadilika na defaultValue hubaki ilivyo. Kisanduku cha tiki kina checked na defaultChecked. Kwenye orodha ya kuchagua, kila chaguo lina selected na defaultSelected. Basi mtu anapobofya Hifadhi, pitia visanduku vya fomu kimoja kimoja, linganisha, na uchukue vile vilivyotofautiana. Mistari isiyozidi ishirini ya JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa na kivinjari, inatosha, wala huhitaji kubeba maktaba ya mtu, yaani programu iliyoandikwa na wengine.

Linganisha wakati huo huo wa kuhifadhi. Wengi huweka alama ya "kimeguswa" kila kisanduku kinapotoa tukio la change, yaani ishara kwamba mtu amekibadilisha, kisha hutuma vyote vyenye alama. Mtu akibadilisha jaketi 12 kuwa 10, halafu akakumbuka vizuri na kuirudisha 12, alama imeshawekwa na hakuna kilichobadilika. Thamani ndizo za kuaminiwa.

Sasa mashimo yaliyomo njiani. Kisanduku kilichofichwa, yaani cha aina ya hidden, hakifuati kanuni hii: ukikibadilisha kwa JavaScript, value na defaultValue hubadilika pamoja, kwa hiyo ukilinganisha utaambiwa daima kwamba hakuna kilichobadilika. Ukiwa na chochote cha maana humo, kama alama ya mahali kwenye ramani, weka nakala yake ya mwanzo kando wewe mwenyewe. Kinyume chake hutokea ukijaza fomu kwa JavaScript baada ya ukurasa kufunguka: defaultValue hubaki tupu, na visanduku vyote 23 vitaonekana vimebadilika. Hapo pia nakala ya kando ndiyo dawa, na uichukue mara tu baada ya kujaza. Lakini fomu ikiwa imejazwa na seva, kaa na defaultValue, usichukue nakala. Firefox, ukiufungua upya ukurasa kwa njia ya kawaida, hukuachia ulichokuwa umechapa; nakala inayochukuliwa wakati huo itayahesabu masahihisho yako kuwa ndiyo asili, na hayatatumwa kamwe. Na orodha ya kuchagua ambayo hakuna chaguo lililowekewa selected kwenye HTML, kivinjari huchagua la kwanza chenyewe, kisha ukilinganisha utaona "badiliko" ambalo hakuna mtu aliyelifanya.

Shimo la kisanduku cha tiki nalieleza peke yake kwa sababu nilitumbukia. Miaka kadhaa nyuma niliwaandikia manahodha fulani mfumo wenye kisanduku "Chombo kiko matengenezoni". Fomu ya kawaida haitumi chochote kwa kisanduku kisicho na tiki. Haitumi "hapana", hunyamaza. Nilipogeuza mfumo ili utume vilivyobadilika peke yake, seva yangu ikausoma ukimya huo kama "hakikuguswa". Mashua moja ilikuwa imeshakalafatiwa na kurudi majini, mwenyewe akaondoa tiki, akahifadhi, na kwenye orodha chombo chake kikabaki matengenezoni. Wiki mbili hakupangiwa safari. Alikuja kwangu baada ya sala ya isha, hakupandisha sauti, akaniuliza amewakosea nini wenzake. Swali hilo lilinikaa. Tangu siku ile kila kisanduku cha tiki kilichobadilika nakituma kwa jina lake na neno kamili, ndiyo au hapana, wala siachii ukimya useme chochote.

Nusu ya pili iko kwenye seva, na ndiyo iliyokosekana kwenye dawa uliyopewa. Fikiria wewe na mwenzako nyote mmebadilisha simu ile ile, yeye saa mbili na wewe adhuhuri. Hata ukituma kisanduku kimoja tu, bado utamfuta. Kwa hiyo kwa kila kisanduku kilichobadilika tuma jina, neno la zamani ulilolikuta, na neno jipya. Seva iwe na maneno matatu mbele yake: ulilolikuta, unalolitaka, na lililomo sasa. Ikiwa lililomo sasa ni lile ulilolikuta, hakuna aliyepita hapo, liandike jipya. Ikiwa lililomo sasa ni lile lile unalolitaka, mwenzako ameshalifanya, usiandike kitu wala usimsumbue mtu. Ikiwa ni neno la tatu, hapo ndipo penye mgongano, na mashine isiamue.

Kwenye MySQL fanya hivyo ndani ya muamala mmoja, yaani kazi inayoingia yote au isiingie kabisa: soma mstari wa chombo kwa SELECT yenye FOR UPDATE ili asiingie mwingine katikati, linganisha, andika visivyo na mgongano, kisha funga muamala. Majina ya visanduku yaliyotoka kwenye kivinjari usiyatie kamwe moja kwa moja ndani ya amri ya UPDATE, ile inayoandika mabadiliko. Weka kwenye seva orodha yako ya visanduku ambavyo mtu huyu anaruhusiwa kubadilisha, na kisichokuwemo kitupwe. Ukianza kupokea visanduku vichache badala ya fomu nzima, ni rahisi mtu kutuma kimoja ambacho hakikuwa kwenye fomu yenyewe, kwa mfano "msimamizi: ndiyo".

Mgongano ukitokea, waambie watu kwa lugha ya watu. "Mwenzako wa Mokowe alibadilisha simu saa mbili asubuhi, ikawa inayoishia 41. Wewe umeandika inayoishia 07. Ipi ndiyo?" Atachagua kwa sekunde tatu, au atampigia mwenzake. Visanduku vingine visivyo na mgongano viwe vimeshahifadhiwa. Usimrudishe mwanzo achape upya. Mtu aliyepoteza alichoandika mara mbili huanza kujiwekea daftari la karatasi pembeni, na hapo mfumo wako umekufa hata kama seva inawaka.

Utasikia wengine wakikushauri namba ya toleo: kila mstari uwe na safu ya toleo, kila anayehifadhi aipandishe kwa moja, na anayekuja na namba ya nyuma akataliwe. Ni njia nzuri na ya zamani. H. T. Kung na John T. Robinson walichapisha mwaka 1981 makala juu ya kuacha watu wafanye kazi bila kufungiana milango, ukaguzi ufanyike mwishoni. Kwa kurasa zenu za vyombo naona ni kali kupita kiasi. Mwenzako akirekebisha herufi moja ya rangi ya tanga, wewe mwenye tarehe ya leseni unakataliwa, ingawa hamjagusana. Watu wakikataliwa bila sababu wanayoiona, hutafuta kitufe cha kulazimisha, na wakishakizoea hubofya hicho hicho siku ya mgongano wa kweli.

Ila kuna mahali ambapo namba ya toleo ndiyo inayofaa, na hapa nakuomba usome polepole. Umesema mnashika pia safari. Chukua safari ya Siyu. Mkono wa bahari unaoelekea mjini una kina kidogo, chombo huingia maji yakijaa. Safari imepangwa Alhamisi. Wewe Shela unapigiwa simu: wageni wanataka Jumamosi. Unabadilisha tarehe, hugusi saa. Wakati huo huo mwenzako Mokowe anaangalia maji ya Alhamisi, anaona saa iliyoandikwa si sawa, anaisahihisha iwe saa nne asubuhi. Hagusi tarehe. Kila mmoja amegusa kisanduku chake. Maneno matatu yanalingana vizuri kwa wote wawili, seva inaandika yote, hakuna mgongano. Na sasa mna safari ya Jumamosi saa nne. Maji husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo yaliyojaa Alhamisi saa nne, Jumamosi yatajaa karibu saa sita kasoro dakika ishirini. Hakuna aliyekosea, hakuna aliyefutwa, na saa iliyoandikwa haifai kwa mtu yeyote.

Hapo kisanduku si kipimo sahihi. Tarehe, saa na bandari ni neno moja lililogawanywa katika visanduku vitatu kwa urahisi wa macho. Chombo na idadi ya abiria ni hivyo hivyo: mmoja akibadilisha mashua kubwa kwa ndogo, mwingine akaongeza abiria kutoka 6 hadi 14, mtapata safari ambayo nahodha mwenye akili ataikataa gatini akishahesabu vichwa, na itakuwa aibu mbele ya wageni. Visanduku vya namna hii vifunge mafungu. Kimoja kikibadilika, fungu zima litumwe, na fungu liwe na namba yake ya toleo:

UPDATE safari SET tarehe = ?, saa = ?, bandari = ?, toleo_ratiba = toleo_ratiba + 1 WHERE id = ? AND toleo_ratiba = ?

Ikirudi kwamba mistari iliyobadilika ni 0, kuna aliyekutangulia. Mwonyeshe mtu ratiba mpya yote, aiamue yote. Kuna faida nyingine kwenye ile + 1. MySQL ukiiacha ilivyo, PHP hupewa idadi ya mistari iliyobadilika kweli, na mstari ulioandikiwa maneno yale yale hauhesabiwi. Bila namba inayopanda, 0 ingeweza kumaanisha "umetanguliwa" au "umeandika kile kile", nawe usingejua.

Kuyachagua mafungu ni kazi ya kukaa na watu. Programu haitakuambia kwamba saa hufuata maji. Kaa na nahodha mmoja, mpe kikombe cha kahawa, mwulize: nikikubadilishia hiki bila kukuambia kile, utakasirika? Andika anachosema.

Kuhusu njia ya kutuma: kuna amri mbili za HTTP, lugha ya mazungumzo kati ya kivinjari na seva, ambazo watu huzichanganya, PUT inayobeba kitu kizima kukaa mahali pa kile cha zamani, na PATCH, iliyowekewa kanuni mwezi Machi 2010, inayobeba mabadiliko tu. Kwa unachokifanya jina sahihi ni PATCH. Fomu ya HTML peke yake haiijui, hujua GET na POST, kwa hiyo utatumia fetch ya JavaScript. Ukibaki na POST hakuna kitakachoharibika, mradi seva yako iwe inaelewa kwamba kisichotumwa hakijaguswa, na kilichotumwa kikiwa tupu kimefutwa.

Mwisho, tengeneza jedwali la pili lenye chombo, kisanduku, neno la zamani, neno jipya, nani na lini. Maneno hayo tayari unayapokea, hayakugharimu chochote zaidi. Nahodha akisema simu yake imeandikwa vibaya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inampa haki ya kusahihishiwa, na utaweza kumwonyesha ilibadilika siku gani na kwa mkono wa nani. Na siku hiyo ya mwenzako mngelifungua jedwali hilo, mkaona mstari mmoja: simu, saa sita mchana, kutoka mpya kwenda ya zamani, kwa jina la mtu ambaye alikuwa akichapa tarehe ya leseni. Mngejua papo hapo kwamba ni fomu.

SWALI: Assalamu aleikum. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Faza. Naandikisha watoto wa madrasa kwa simu, kwa fomu aliyonitengenezea kijana mmoja. Fomu ina picha ya mtoto. Hata nikisahihisha herufi moja ya jina, kuhifadhi kunachukua dakika nzima na bando linaliwa. Mtandao ukikatika katikati sijui kama imeingia au haikuingia, narudia tena. Kijana atarudi mwezi ujao. Nimwambie nini?

JIBU: Wa aleikum salaam, na shikamoo Mwalimu. Mwambie kijana aitoe picha ndani ya fomu.

Nakueleza sababu ili asikuzungushe. Kivinjari hakiruhusu ukurasa ujaze wenyewe kisanduku cha faili, kwa usalama wako. Ingeruhusiwa, ukurasa wowote ungejichukulia faili za simu yako. Kwa hiyo kisanduku cha picha, kila ukifungua fomu, huwa kitupu. Ikiwa picha yako inatumwa kila mara, nadhani kijana ameigeuza kuwa maandishi marefu ya base64 na kuyaweka kwenye kisanduku kilichofichwa, nayo huja na kwenda na kila kitu. Ugeuzaji huo huongeza uzito kwa theluthi: picha ya kilobaiti 600 inakuwa 800. Unazilipia zikija, unazilipia zikirudi, kwa ajili ya herufi moja ya jina.

Picha iwe na kitufe chake na safari yake. Kisanduku chake kikiwa kitupu, seva ielewe kwamba picha haijabadilishwa. Kuifuta kuwe na kitufe kingine chenye neno Futa, kwa sababu utupu hauwezi kubeba maana mbili. Visanduku vingine, mpe asome jibu la msomaji wa Shela hapo juu: jina lililosahihishwa litatumwa lenyewe, herufi chache, na litapita hata kwenye mtandao wa Faza unaokatika.

Na lile la kutojua kama imeingia linatibiwa na maneno yale yale matatu. Ukituma neno la zamani na jipya, mtandao ukakatika kabla jibu halijarudi, tuma tena bila hofu. Ikiwa mara ya kwanza iliingia, seva itakuta kwamba lililomo ndilo unalolitaka, itasema imehifadhiwa na basi. Ikiwa haikuingia, itaandika sasa. Kurudia hakuzidishi kitu.

Mwambie pia visanduku ulivyobadilisha na ambavyo seva haijavikiri viwekwe kwenye hifadhi ya kivinjari, localStorage. Huwa ina nafasi ya takriban megabaiti 5, ambayo kwa majina na tarehe ni nyingi sana, na haizimiki simu ikizimika. Seva ikikiri, vifutwe palepale. Hili la kufuta naomba ulisimamie mwenyewe, Mwalimu, hasa kama simu hiyo hushikwa na wajukuu. Majina ya watoto wa watu yasibaki kwenye simu bila kazi.

SWALI: Ami, niko mapokezi kwenye nyumba ya wageni Mkomani. Kurasa zangu hujazwa na JavaScript, kwa hiyo nimechukua nakala ya mwanzo, nalinganisha nayo. Lakini nikifungua ukurasa wa mgeni na kuufunga bila kugusa kitu, naambiwa kuna mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa. Wenzangu wameshazoea kulipuuza hilo onyo.

JIBU: Mdogo wangu, mabadiliko hayo unayafanya wewe kwa kanuni zako za kupamba. Angalia simu kwanza: nina hakika hifadhidata ina namba zinazoanza na 0, na ukurasa wako unazigeuza ziwe +254 baada ya nakala kuchukuliwa. Halafu bei ya chumba: safu ya DECIMAL, yaani ya namba zenye desimali, huleta 4500.00, kisanduku kinaonyesha 4500, na kwa JavaScript hayo ni maandishi mawili tofauti. Kisha nafasi mwishoni mwa jina, ambayo jicho halioni. Pima vyote kwa umbo moja kabla ya kulinganisha: simu ziwe +254 pande zote mbili, namba zilinganishwe kama namba, nafasi za mwanzo na mwisho zikatwe. Utupu na NULL, yaani thamani ambayo haijawekwa kabisa, amua mara moja kama ni kitu kimoja katika mfumo wako, na uamuzi huo uandike mahali wenzako watauona.

Kama unalinganisha pia kwenye seva, tazama kisanduku kirefu cha maelezo. Ndani ya ukurasa mwisho wa mstari ni alama moja, lakini fomu ikitumwa kivinjari huigeuza kuwa alama mbili, ile iitwayo CRLF. Maelezo ya mgeni yenye mistari mitano yataonekana yamebadilika kila siku.

Kwa sasa ondoa onyo, maana wenzako wanajifunza kulibofya bila kulisoma. Chini ya kitufe cha Hifadhi andika majina ya visanduku ambavyo programu inadai vimebadilika. Fungua kurasa za wageni mmoja mmoja, usiguse kitu, usome. Kila jina litakaloonekana hapo litakuambia pa kurekebisha. Orodha ikiwa tupu kwenye kurasa zote, rudisha onyo, na tukio la beforeunload, linalotokea mtu anapotaka kuufunga ukurasa, ulifunge kwenye ukurasa pale tu badiliko la kwanza linapotokea, ulifungue likishahifadhiwa. Maneno ya onyo hutayachagua, vivinjari vya sasa huonyesha ya kwao wenyewe, kwa hiyo yale majina chini ya kitufe yaache yabaki hapo hapo ili mtu ajue ni nini hasa hakijahifadhiwa.